Asilimia ya Nini? Namna ya Kukokotoa na Kubadili Asilimia Bila Kupunjwa

Kwenye hesabu za sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia, na jina lenyewe linalisema hilo. Kwa hiyo 35% ni 35/100, hakuna zaidi. Kugawa na kuzidisha hakumshindi mtu mwenye simu ya mkononi. Watu hukosea pale wanapolipita swali la kwanza: asilimia hiyo ni ya nini? Kile kitu kizima ambacho asilimia inatolewa humo tutakiita msingi. Uandike msingi wako kwenye karatasi kabla ya kugusa kikokotoo, maana karibu kila kosa lililoelezwa hapa chini linatokana na kuukosea.

Kubadili: sehemu, desimali, asilimia

Kutoka sehemu kwenda asilimia, gawa kiasi kwa asili kisha zidisha kwa 100. Mwanafunzi aliyepata 34 kati ya 40: 34 ÷ 40 = 0.85, mara 100 ni 85%. Kama asili inaingia kwenye 100 bila baki, usigawe, panua tu: 17/25, zidisha juu na chini kwa 4, unapata 68/100, yaani 68%.

Kutoka desimali kwenda asilimia, sogeza nukta hatua mbili kulia. Ukirudi, hatua mbili kushoto. Hapa angalia kwa makini: 0.4 ni 40%, 0.04 ni 4%, na nusu asilimia ni 0.005. Mtu akiambiwa ada ni 0.5% kisha akazidisha kwa 0.5, ameikuza ada mara mia. Kwenye 200,000 ada halisi ni 1,000, lakini yeye atapata 100,000. Jibu la namna hiyo linapaswa kukushtua kabla hujamwonyesha mtu mwingine.

Waliosoma kwa Kifaransa, kama Kongo na Burundi, huandika 12,5% kwa mkato, na ni ileile 12.5%. Ukipokea hesabu kutoka huko, hakikisha kwanza mkato unatenga desimali au unatenga maelfu.

Kutoka asilimia kwenda sehemu, weka juu ya 100 kisha rahisisha: 45/100 ni 9/20. Lugha yetu tayari ina majina ya sehemu zinazotumika sana, na ni vizuri kuyajua pamoja na asilimia zake: nusu 50%, theluthi 33.33%, robo 25%, humusi 20%, sudusi 16.67%, thumni 12.5%. Wanaogawa mirathi ya Kiislamu huyatumia mengi ya majina haya kila mara: mke hupata thumni mume akiacha mtoto, na robo asipoacha. Kwa kazi kama hiyo, iache sehemu ibaki sehemu. Sudusi ya milioni 60 ni milioni 10 kamili. Ukiikadiria kuwa 17%, unapata 10,200,000, na hiyo laki mbili ya ziada umeichukua kwa mrithi mwingine. Kukadiria desimali kufanyike mwishoni, kwenye jibu, kamwe si katikati ya hesabu.

Kutafuta asilimia ya kiasi fulani, hata bila simu

Njia ya kawaida ni msingi × asilimia ÷ 100. Ila sokoni njia ya haraka ni kuanza na 10%, ambayo unaipata kwa kusogeza nukta hatua moja kushoto. 5% ni nusu yake, 1% ni sehemu ya kumi yake, na nyingine zote unaziunga.

16% ya 7,500: kumi ni 750, tano ni 375, moja ni 75. Jumla 1,200.
18% ya 45,000: ishirini ni 9,000, toa mbili ambayo ni 900. Unabaki na 8,100.

Tena, asilimia hugeuzika: 4% ya 75 ni sawa na 75% ya 4, na robo tatu ya nne ni 3. Ukiona upande mmoja ni mgumu, jaribu wa pili.

Kuhusu kitufe cha % kwenye simu: vikokotoo havifanani. Andika 100 + 10 % uone. Kikileta 110, kinaongeza asilimia ya namba iliyotangulia. Kikileta 100.1, kinagawa tu 10 kwa 100 na kuijumlisha. Njia iliyo salama kwenye simu yoyote ni kuzidisha: kuongeza 18% ni × 1.18, kupunguza 18% ni × 0.82.

Kupanda na kushuka

Kanuni: tofauti ÷ bei ya mwanzo × 100. Mchele ukitoka 2,500 hadi 3,000 kwa kilo, umepanda 500 ÷ 2,500 = 20%. Ukirudi 2,500, haukushuka 20%. Sasa msingi ni 3,000, na 500 ÷ 3,000 ni 16.67%. Kwa sababu hiyohiyo, kitu kilichoshuka 20% kinahitaji kupanda 25% ili kirudi kilipokuwa, na kilichoshuka 50% kinahitaji kupanda 100%.

Punguzo juu ya punguzo nalo halijumlishwi. Duka likitangaza 20%, kisha 10% zaidi kwa anayelipa taslimu, viatu vya 80,000 vinakuwa 64,000, halafu 57,600. Umepunguziwa 28%, maana ile 10% ilikatwa kwenye 64,000.

Asilimia yenyewe ikibadilika, uangalifu uongezeke. Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka 16% hadi 14%, na Januari 2021 ikairudisha 16%. Kiwango kilishuka kwa pointi 2 za asilimia. Ukitaka kusema kilishuka kwa asilimia ngapi, 2 ÷ 16 ni 12.5%, na kurudi juu ni 2 ÷ 14, yaani 14.29%. Na mnunuzi? Bidhaa ya 1,000 kabla ya kodi ilitoka 1,160 hadi 1,140, punguzo la 1.7% tu, tena kama muuzaji alilipitisha. Zote ni hesabu sahihi za jambo moja. Anayesema "imeshuka asilimia mbili" bila kutaja ya nini hajaeleza kitu.

Kuitoa VAT ndani ya bei

Tanzania Bara na Uganda kiwango cha kawaida ni 18%, Kenya ni 16%. Kuiongeza ni rahisi: 100,000 × 1.18 = 118,000. Wengi hukwama wakiambiwa bei ni 118,000 pamoja na kodi, watafute kodi ni kiasi gani. Wanachukua 18% ya 118,000, wanapata 21,240, wanatoa, na bei kabla ya kodi inakuwa 96,760. Sivyo. Ile 18% ilihesabiwa kwenye 100,000, haikuhesabiwa kwenye 118,000.

Fanya hivi: gawa bei kamili kwa 1.18 upate bei bila kodi, kisha toa kwenye bei kamili. Risiti ya 47,200: 47,200 ÷ 1.18 = 40,000, kodi ni 7,200. Hakiki kwa kurudi nyuma: 18% ya 40,000 ni 7,200. Kwa Kenya gawa kwa 1.16. Njia hii hutumika popote unapojua matokeo na unatafuta mwanzo: bei baada ya punguzo la 30% ni 35,000, basi bei ya awali ni 35,000 ÷ 0.70 = 50,000.

Faida: ya mtaji au ya mauzo?

Kitenge kimekufikia kwa 20,000, nauli ikiwa ndani, unakiuza 25,000. Faida ni 5,000. Kwa mtaji ni 25%, kwa mauzo ni 20%. Zote mbili ni halali, lakini kuzichanganya kunaua biashara. Muuzaji anayeamini ana "faida ya 25%" huona punguzo la 20% bado linamwachia kitu. 25,000 × 0.80 ni 20,000. Ameuza kwa bei aliyonunulia. Akitoa punguzo la 25%, anauza 18,750 na amepoteza 1,250 kwa kila kitenge.

Ukitaka faida iwe 25% ya mauzo, usizidishe kwa 1.25. Gawa gharama kwa 0.75: 20,000 ÷ 0.75 ni 26,667. Na punguzo la juu kabisa unaloweza kutoa bila hasara ni ile faida ya mauzo, si ya mtaji.

Kuchanganya dawa

Chupa ya dawa ya klorini imeandikwa 3.5%, na maelekezo yanataka mchanganyiko wa 0.5%. Gawa 3.5 kwa 0.5, upate 7. Hiyo 7 ni jumla ya mchanganyiko wote, kwa hiyo toa 1 ambayo ni dawa yenyewe: kikombe 1 cha dawa, vikombe 6 vya maji. Ukiweka maji vikombe 7, jumla inakuwa 8 na nguvu inashuka hadi karibu 0.44%. Soma namba ya chupa uliyoishika, kwa kuwa si zote zina nguvu sawa.

Mshahara na ngazi za kodi

Tanzania Bara, kodi ya mshahara hukatwa kwa ngazi. Hadi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Inayozidi hapo hadi 520,000 hukatwa 8%, hadi 760,000 hukatwa 20%, hadi 1,000,000 hukatwa 25%, na kinachozidi milioni hukatwa 30%. Kila asilimia ina msingi wake, ambao ni kipande cha ngazi hiyo peke yake.

Mshahara wa 800,000, mchango wa pensheni wa mwajiriwa ukiwa 10%: toa kwanza 80,000, kinachotozwa kodi ni 720,000. Kipande cha 270,000 ni sifuri. Kipande cha 250,000 kwa 8% ni 20,000. Kilichobaki, 200,000 kwa 20%, ni 40,000. Kodi ni 60,000, mkononi unabaki na 660,000 kabla ya makato mengine. Kwa hiyo hofu kwamba nyongeza ndogo ikikuvusha ngazi itakupunguzia mshahara haina msingi. Kiwango kipya kinagusa ile shilingi iliyovuka tu.

Riba ya mkopo

Hapa ndipo watu wanaumia zaidi, na inauma kwa sababu hesabu yake ni ya dakika tano. "Riba asilimia 2 kwa mwezi" ina maana mbili tofauti kabisa.

Chukua milioni 1 kwa miezi 12. Kama riba ni ya salio linalopungua, na kila mwezi unarudisha 83,333 ya mtaji, yaani ile pesa yenyewe uliyokopa, mwezi wa kwanza riba ni 2% ya milioni, yaani 20,000. Mwezi wa pili ni 2% ya 916,667, yaani 18,333. Inaendelea kushuka hadi 1,667 mwezi wa mwisho, na jumla ya riba ni 130,000.

Kama riba haipungui, kila mwezi unatozwa 20,000 zilezile, hata mwezi wa kumi na mbili ambapo unadaiwa mtaji wa 83,333 tu. Jumla ni 240,000. Ukiipima kwa salio, hiyo "asilimia 2" ni karibu 3.5% kwa mwezi. Kwa hiyo mkopeshaji anayetangaza 3% ya salio linalopungua anakukopesha kwa bei nafuu kuliko huyu wa 2%.

Usiulize "riba ni ngapi?" ukaishia hapo. Uliza ni asilimia ya mkopo wa mwanzo au ya salio, na uombe jedwali la marejesho ya mwezi mmoja mmoja kabla ya kusaini. Angalia safu ya riba: ikiwa namba ni ileile juu hadi chini, haipungui.

Kisha tazama ada zinazokatwa mwanzoni. Ada ya 3% ikiondolewa kwenye ile milioni, unaondoka na 970,000 lakini riba inahesabiwa kwa milioni nzima. Kwenye mkopo wa riba isiyopungua, gharama yote ni 240,000 jumlisha 30,000, yaani 270,000. Msingi wake ni pesa uliyoishika mkononi: 270,000 ÷ 970,000 ni 27.8% kwa mwaka, hata kabla ya kuipima kwa salio, wakati karatasi ya mkopo inasomeka 24%.