Namna ya Kuwaandaa Wanakijiji kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautaja Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo chenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huwajibika kwa mkutano huo. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya miteremko ya Kilimanjaro wananchi huja kama wasikilizaji: taarifa husomwa, makofi hupigwa, kisha kila mtu hurudi kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwasaidia majirani zake wawe waamuzi, awe mwalimu, katekista, mweka hazina wa kikundi au kijana aliyerudi nyumbani baada ya masomo.

Ushauri wa kwanza ni kwamba usianze na vifungu vya Katiba. Vina umuhimu wake, lakini mtu anaweza kuvikariri vyote na bado akashindwa kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Anza na stadi ambayo watu tayari wanayo. Karibu kila kitongoji kina VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa fedha, na humo akina mama hufungua sanduku mbele ya wanachama wote, huhesabu fedha kwa sauti, hulinganisha hesabu na daftari, na hawafungi kikao mpaka shilingi ya mwisho imeonekana. Huo ndio ukaguzi wa hesabu za umma, na kinachobaki ni kuwaonyesha wanachama kwamba taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ni daftari la aina ileile, ingawa imeandikwa kwa lugha nzito zaidi.

Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya mkutano, omba dakika 30 mwishoni mwa kikao cha kikundi. Andika kwenye karatasi kubwa taarifa ya kubuni ya miezi mitatu: bakaa ya robo iliyopita, michango ya wananchi, ushuru wa soko, na matumizi. Makusudi weka mstari mmoja unaosema tu "ukarabati wa zahanati, shilingi 1,200,000". Waache washiriki wasome kwa zamu, tena kwa sauti, kisha uliza wanachokiona. Mara nyingi mtu atauliza ni nani aliyelipwa. Mwingine atataka kujua kama kuna stakabadhi, ni nani aliyeikagua kazi, na iwapo mkutano uliotangulia uliidhinisha kiasi hicho. Usiwape maswali hayo mapema, kwa sababu swali ambalo mtu amelitoa kichwani mwake ndilo analothubutu kulisimamia mbele ya watu 200.

Sehemu inayohitaji muda mwingi zaidi ni kugeuza lalamiko kuwa hoja. Mtu akisimama na kusema, "Maji hayatoki na viongozi hawatujali," mwenyekiti atamjibu kwamba wamemsikia, na jambo litaishia hapo. Mfundishe aseme hivi: "Mwenyekiti, mkutano uliopita uliazimia kwamba bomba la kitongoji chetu litengenezwe. Naomba kujua kazi hiyo imefikia wapi, na kama haijaanza, itaanza lini na nani ataisimamia." Hoja hii inataja azimio, inaomba jibu, na inamtaka mhusika atajwe. Ifanyieni mazoezi ya kuigiza, mmoja wenu akiwa mwenyekiti anayemkatiza msemaji au kumwahidi jibu la baadaye, ili msemaji azoee kurudia ombi lake kwa utulivu.

Heshima kwa wazee isionekane kuwa kikwazo. Msichana wa Uru au Marangu hatafurahia kumpinga hadharani mzee wa rika la babu yake, wala hana haja ya kufanya hivyo kwa ukali. Anaweza kusema, "Shikamoo mzee wangu, nimekusikia, ila naomba niongeze jambo," kisha akaeleza hesabu zake. Wasiosikika kabisa ni wale wasiofika, na hapa saa ya mkutano ina uzito mkubwa. Mkutano ukiitishwa siku ya soko, au jioni wakati wa kukata majani ya ng'ombe na kukamua, wanawake wengi watakosekana. Kikundi kiende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji mapema na kupendekeza siku nyingine.

Wakumbushe pia kalenda. Mkutano Mkuu hufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge la bajeti huanza Aprili. Kipaumbele cha kijiji hupita kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri ya wilaya, hivyo anayekumbuka daraja mwezi wa tano amechelewa mwaka mzima. Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, na hili kila kijana anapaswa kulijua. Wakazi wa Manispaa ya Moshi, kama Pasua au Njoro, wana mkutano wa mtaa badala ya kijiji, lakini mazoezi ni yaleyale.

Mwisho, wateue watu wawili wa kuandika maazimio kwa mkono wao wenyewe, pamoja na jina la mtekelezaji na muda aliopewa. Katika mkutano unaofuata, ajenda ya yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa mambo ya mkutano uliopita, inapofika, walinganishe daftari lao na muhtasari unaosomwa, na waombe marekebisho kabla haujathibitishwa. Ikiwa hesabu zinaendelea kufichwa, kikundi kiandike barua ya kuomba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 30, na kihifadhi nakala yenye mhuri wa mapokezi.