Kipindi cha kwanza cha ushairi: mwongozo kwa mwalimu wa BTP (mazoezi ya kufundisha)

Ukipangiwa Kidato cha Pili au cha Tatu, mada ya ushairi ndiyo itakayokuumbua mapema. Walimu wanafunzi wengi huingia darasani, wakaandika "Maana ya ushairi" juu ya ubao, kisha wakashuka na aina, sifa, na tofauti kati ya shairi la kimapokeo na shairi huru. Kengele inalia, daftari zimejaa, na hakuna aliyesikia hata ubeti mmoja. Wiki inayofuata ukiwauliza kina (silabi inayofanana mwishoni mwa vipande vya mistari) ni nini, watakujibu vizuri sana, lakini ukiwapa shairi wakuonyeshe kina kiko wapi, watatazamana.

Anza na shairi lenyewe. Kwa kipindi cha dakika 40 ubeti mmoja unatosha, wala usione haya kwa uchache huo. Tuchukue huu, uliotungwa kwa ajili ya mwongozo huu:

Jogoo anapowika, mama yumo safarini,
Beseni ameliweka, lenye samaki kichwani,
Mchana jua lawaka, hajaketi kivulini,
Jioni akishafika, hucheka yu mlangoni.

Jioni ya kuamkia kipindi, usome kwa sauti si chini ya mara tano, umesimama. Ulimi utakuonyesha unapokwama, na hapo ndipo wanafunzi nao watakwama. Uandike kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, herufi zenye urefu wa sentimita 4 au 5, kisha nenda ukasimame nyuma ya darasa tupu uone kama unasomeka. Kuandika ubaoni mbele ya wanafunzi kunakula dakika sita, na dakika sita za mgongo wako zinatosha darasa la watu 60 kugeuka gulio.

Kwenye andalio la somo, lengo liwe jambo linaloonekana. "Mwanafunzi aelewe shairi" halipimiki, na mkufunzi akija kukukagua atalizungushia wino mwekundu. Andika hivi: "Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kuandika hoja moja kuhusu mama wa kwenye shairi na kuithibitisha kwa maneno ya shairi lenyewe." Hapo hata wewe utajua kama umefaulu au umeanguka.

Dakika tano za mwanzo ni za kusoma tu. Soma wewe mara ya kwanza, polepole, ukipumzika kidogo kwenye mkato wa katikati. Mara ya pili darasa lisome, safu moja ipokee ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari), safu nyingine utao (nusu ya pili). Usimsimamishe kijana mmoja asome peke yake siku ya kwanza. Mvulana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika atakataa, au atasoma kwa mzaha kujiokoa, na darasa zima litamfuata. Wakisoma kwa safu hakuna anayechekwa. Anayejua kughani atajitokeza mwenyewe kipindi cha tatu au cha nne.

Kisha yaje maswali, na hapa ndipo kazi ilipo. Swali la kwanza lisiwe "Dhamira ya shairi hili ni nini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "umaskini" au "nafasi ya mwanamke katika jamii", kwa sababu majibu hayo yamo kwenye kila desa na yanafaa shairi lolote duniani. Uliza kinachotokea. Nani anatoka? Saa ngapi? Amebeba nini? Hata mwanafunzi dhaifu ana la kusema, na akishasema mara moja yumo kipindini.

Panda ngazi ya pili: "Shairi halina neno kuuza wala neno soko. Tumejuaje kwamba huyu mama ni mchuuzi?" Swali hili halijibiki bila kurudi kwenye mistari. Watakutajia beseni, samaki, safari ya alfajiri, jua la mchana asiloketi kulikimbia. Kila jibu likija, mwambie aliyelitoa aje aliguse neno lake kwenye manila.

Ngazi ya tatu ni moja tu: kwa nini anacheka? Uliza, halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi bila kurudia swali na bila kulijibu mwenyewe. Walimu wengi wageni hushindwa hapo, maana sekunde nne za kimya huonekana kama aibu, nao hukimbilia kueleza. Ukivumilia, mikono itapanda. Mmoja atasema samaki wameisha. Mwingine, amefurahi kuwaona wanawe. Wa tatu, anaficha uchovu ili watoto wasijue. Yote matatu yanasimama ikiwa msemaji ataonyesha neno linalomsaidia. "Yu mlangoni", kwa mfano, kunambeba vizuri yule wa tatu: anacheka palepale kizingitini, kabla hata hajatua mzigo. Na atakuwepo mmoja wa dawati la nyuma atakayesema amepata bwana mpya. Usifoke. Muulize kama ulivyowauliza wengine: neno gani limekuonyesha? Darasa litacheka, naye atajiondoa mwenyewe.

Tahadhari moja: usiulize "Nani hapa mama yake anauza samaki?" Yupo, hataki kujulikana, na yupo mwingine aliyefiwa na mama. Waache wazungumze kuhusu mama wa kwenye shairi. Anayetaka kusema ya kwao atasema bila kuombwa.

Wakijibu kwa lugha ya mtaani, pokea wazo, kisha waulize darasa: "Kwenye mtihani tungeliandikaje?" Ukimsahihisha Kiswahili kabla ya kusikia hoja yake, hatanyoosha mkono tena muhula huo.

Mpaka hapo umetumia dakika 25 hivi. Sasa leta istilahi, ziwe tatu tu: mshororo (mstari wa shairi), vina, mizani (idadi ya silabi). Wagonge dawati kwa kila silabi huku wakisoma. Utasikia mabishano kwenye "Mchana jua lawaka". Baadhi watapata mizani 7, kwa sababu wamesoma "mcha-na". Herufi m hapo ni silabi inayojitegemea: m-cha-na, tatu, kama m-la-ngo-ni ilivyo nne. Kinyume chake, mb ya "mbuzi" haigawanyiki, na "kichwani" ni tatu: ki-chwa-ni. Wakihesabu sawasawa watapata 8 kwa 8, jumla 16 kila mshororo; vina ni -ka kati na -ni mwisho. Mishororo minne, basi ni tarbia. Mjanja mmoja atakuambia "lawaka" ni inkisari, yaani neno lililofupishwa ili mizani itoshe. Mweleze kuwa hakuna kilichokatwa, hiyo ni -a- ya wakati uliopo katika sarufi ya kawaida. Lakini mpe sifa kwa kuona kwamba "linawaka" lingezidisha mizani.

Dakika kumi za mwisho waandike, kila mtu kimya, sentensi tatu: hoja, maneno ya shairi ndani ya alama za mtajo, kisha maelezo ya jinsi maneno hayo yanavyothibitisha hoja. Andika mfano mmoja ubaoni usiohusu kicheko, wasije wakaunakili. Pita katikati ya madawati. Kosa utakalolikuta sana ni sentensi ya tatu kurudia ya kwanza. Mwenye kosa hilo mwambie aanze sentensi yake na "Neno hili linaonyesha...".

Usijaribu kusahihisha daftari 60 usiku huo. Chukua 12, nne za kila safu, usahihishe jambo moja tu: je, maneno ya shairi yanabeba hoja? Tahajia iache kwa leo. Kwenye sehemu ya tathmini ya andalio la somo andika idadi: wangapi kati ya 12 walithibitisha, wangapi hawakuweza. Wakishindwa zaidi ya nusu, kipindi kijacho rudi na ubeti uleule na swali la mchuuzi, kabla ya kufungua shairi jingine.