Laptopu Iliyoongezwa RAM na SSD: Namna ya Kuipima Kabla Hujalipa

Matangazo ya laptopu za mtumba hapa Tanga, yawe ya maduka ya Ngamiani au ya magrupu ya WhatsApp, yanafanana sana: "Core i5, RAM 16, SSD 512, safi kama mpya." Katika vitu hivyo vitatu, viwili, yaani RAM (kumbukumbu ya kazi) na SSD (hifadhi ya mafaili isiyozunguka), vimewekwa na fundi na vinauzwa kila mahali. Kile cha kwanza, yaani prosesa, pamoja na vingine ambavyo tangazo halivitaji, yaani bodi, kioo, bawaba na feni, ndicho hasa unachokinunua, kwa sababu hicho huwezi kukibadilisha kwa bei inayoeleweka. Basi kabla ya kuuliza bei ya mwisho, ivue mashine nyongeza zake kichwani mwako. Ingekuwa na RAM yake ya kiwandani na diski yake ya zamani, ungeitaka? Kama hungeitaka, hiyo RAM 16 haitakuokoa.

Prosesa isomwe yote

"Core i5" peke yake haisemi lolote, maana i5 zimetoka tangu 2009. Soma namba inayofuata. Kwenye i5-3320M tarakimu ya kwanza ni 3, basi ni kizazi cha 3. Kwenye i5-8250U ni kizazi cha 8. Zikianza mbili, kama i5-10210U au i5-1135G7, soma zote mbili: kizazi cha 10 na cha 11. Namba za Celeron kama N4020 hazifuati utaratibu huo, na usizitafutie kizazi. N4020 yenyewe ni prosesa dhaifu yenye viini (cores) 2.

Mpaka mkubwa upo kati ya kizazi cha 7 na cha 8 kwa prosesa zenye herufi U, ambazo ndizo nyingi kwenye laptopu nyembamba. i5-7200U ina viini 2. i7-7500U, pamoja na stika yake ya i7 inayopandisha bei, nayo ina viini 2. i5-8250U ina viini 4. Kwa hiyo muuzaji akikupa i7 yenye U ya kizazi cha 6 au cha 7 kwa bei kubwa kuliko i5 ya kizazi cha 8, chukua i5 bila kujiuliza mara mbili. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 3500U ni nzuri kwa kazi za kawaida. Zile za A4, A6 na A9 ziache, hata ziongezwe RAM kiasi gani.

Namba hiyo usiisome kwenye stika, na usiitegemee sana kurasa ya Windows inayoonyesha sifa za kompyuta, kwa kuwa jina la prosesa linaloonekana pale linaweza kuhaririwa. Zima mashine, iwashe, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F2 kwa Dell na Acer, F1 kwa ThinkPad. Jina la prosesa na kiasi cha RAM vimeandikwa humo.

Ukiwa humo humo BIOS, angalia kitu kingine ambacho watu wengi hukiruka. Je, imekuomba paswedi kabla ya kuingia? Kama muuzaji haijui, usinunue. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa mali ya makampuni ya nje, na kwenye modeli za kiofisi kuondoa paswedi ya BIOS mara nyingi ni kazi ya kugusa chipu kwenye bodi. Halafu mwombe muuzaji aiunganishe na intaneti na kuanza upya usanidi wa Windows. Ikidai akaunti ya kampuni au shule fulani, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza, na kila utakapoweka Windows upya ukiwa na mtandao, dai hilo linaweza kurudi.

Suala la Windows 11

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa Intel orodha yake rasmi inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache za nyuma ya hapo. Fundi anaweza kuiweka kwa nguvu kwenye kizazi cha 4 na ikawaka vizuri tu. Tatizo linakuja baadaye: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka huenda ukalazimika kuliweka kwa mkono tena. Kwa hiyo kuiona Windows 11 ikiwaka si ushahidi kwamba mashine inaistahili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama imeandikwa toleo 2.0, kisha rudi kwenye namba ya prosesa. Kujua kama Windows imeamilishwa moja kwa moja au kwa muda tu, andika slmgr /xpr mahali hapo hapo.

Mtu asiyehitaji Windows, kwa mfano anayetumia Linux au anayetaka kuandika na kusoma tu, anaweza kununua kizazi cha 6 kwa amani. Bei lakini ishuke ifanane na hilo.

RAM: uliza imekaaje

Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye sehemu ya utendaji, ubonyeze kumbukumbu. Hapo utaona kasi ya RAM na nafasi ngapi zimetumika. Hapa ndipo laptopu za nyumbani zinapotofautiana na za kiofisi. Lenovo IdeaPad nyingi, kwa mfano, zina GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za kuchomeka, bila RAM ya kuchomelewa. T480s ina RAM ya kuchomelewa na nafasi moja. X1 Carbon haina nafasi hata moja. Iliyochomelewa ikifa, ni kazi ya bodi, na fundi wa kuifanya kwa uhakika si wa kila mtaa.

Ukikuta GB 4 za bodi na kipande cha GB 16, jumla 20, ujue kwamba kwenye Intel ni GB 8 tu ndizo zinafanya kazi kwa njia mbili. Zilizobaki zinapita njia moja. Si kasoro, ila isikulipishe zaidi. Vipande viwili vya GB 8 huipa kasi zaidi kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa, kwani inakopa RAM hiyo hiyo. Na kipande cha DDR4 3200 kikiwekwa kwenye i5-8250U kitashuka hadi 2400, maana huo ndio mwisho wa prosesa hiyo. Muuzaji anayekutoza kwa ajili ya 3200 anakuuzia namba.

Ikionyesha kwamba RAM inayotumika ni pungufu sana ya iliyopo, tuseme 16 imeandikwa lakini inayotumika ni 7.9, kuna kipande hakijakaa sawasawa au nafasi imekufa. Kwenye AMD upungufu wa hadi GB 2 ni wa kawaida kwa sababu ya picha. Kisha andika mdsched pale ulipoandika tpm.msc na uiache mashine ijipime ikiwaka upya. RAM mbovu huonekana kwa skrini ya bluu inayokuja bila mpango, na watu huishia kuilaumu Windows.

Kwa kazi za ofisi, mtandao na masomo, GB 8 zinatosha. Kumi na sita ni za mhariri wa video au anayefungua vitu vingi kwa pamoja. RAM nyingi kwenye prosesa ya viini 2 haiongezi mwendo. Inazuia tu isikwame mapema.

SSD

Hii ndiyo nyongeza yenye faida ya kweli. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde, SSD ya aina ya SATA hufika karibu 550, na ile ya aina ya NVMe, ya kawaida, hufika hadi 3,500. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA utaisikia tofauti siku ya kwanza. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi za kawaida, hutaisikia sana.

Beba flashi yenye CrystalDiskInfo, ile isiyohitaji kusakinishwa. Inaonyesha afya kwa asilimia, saa ilizofanya kazi na jumla ya data iliyoandikwa. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, imepewa na mtengenezaji uwezo wa kuandikwa TB 80. Ukikuta imeshaandikwa TB 60, umri wake mwingi umeshaliwa. Ukikuta jina la diski halieleweki, au GB 1,000 kwa bei ya 240, tilia shaka. Zipo zinazodai ukubwa zisizo nao: unajaza vizuri hadi kiwango fulani, kisha mafaili yanaharibika. Njia ya kuzibaini ni kuijaza yote kwa H2testw na kuisoma tena, na hilo halimaliziki dukani, bali nyumbani usiku mmoja, ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha. SSD za bei ya chini pia hushuka kasi mno ukinakili faili kubwa. Nakili faili la GB 10 ukiangalia mstari wa kasi.

Omba kifuniko cha chini kifunguliwe. "Kaka, naomba tuitazame ndani kwanza" si tusi. Skrubu zilizolika vichwa, kifuniko kisichofunga pembeni, SSD inayoning'inia bila skrubu yake: hizo ni dalili za mkono wa haraka, na mkono huo huo ndio uliogusa bodi.

Chumvi, joto na betri

Laptopu iliyokaa Raskazone au popote karibu na bahari huvuta unyevu wa chumvi. Mulika tochi ya simu ndani ya matundu ya USB na HDMI na kwenye skrubu. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma ni kutu, na ukiuona nje, bodi nayo imeonja. Fungua kioo kwa kidole kimoja pembeni. Bawaba ikilia au plastiki ya kona ikinyanyuka, itapasuka. Kwenye laptopu za nyumbani huu ndio ugonjwa unaoongoza, kwa kuwa bawaba ngumu ya chuma hushikwa na plastiki nyembamba. Angalia pia kioo ni 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080; kubadilisha baadaye ni gharama.

Kwa betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Litatengenezwa faili kwenye folda ya mtumiaji. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa: 48,000 dhidi ya 29,000 ni asilimia 60. Juu ya 80 ni nzuri. Chini ya 50, hesabu betri mpya kwenye bei. Kama laptopu inayumba mezani au padi ya kidole imenyanyuka, betri imevimba. Usiichaji, usiinunue hadi itolewe. Na usikubali kauli ya "tumia kwa chaja tu": umeme ukikatika ghafla, mashine inazimika katikati ya kuandika, na mafaili ndiyo yanayoumia.

Jaribio la joto lifanyike dakika 15. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi, kisha endesha kipimo cha prosesa kilichomo ndani ya programu ya 7-Zip. Joto likigonga 95 hadi 100 na kasi ikashuka chini ya ile ya msingi, ambayo kwa i5-8250U ni GHz 1.6, basi feni imejaa vumbi au pasta ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Hilo hutibika kwa bei ndogo. Kumbuka duka lina kiyoyozi, na chumba chako cha Makorora wakati wa kaskazi hakina. Iliyobanwa dukani itabanwa zaidi kwako. Kasi ikiganda kwenye GHz 0.8 bila kupanda, tazama chaja kwanza. Dell isipoitambua chaja hupunguza kasi kwa makusudi na haichaji betri, na kosa linaweza kuwa chaja, waya au tundu lenyewe. Jaribu na chaja nyingine halisi kabla ya kukubali maelezo.

Hesabu ya bei

Tafuta modeli ile ile ikiwa na RAM na diski ya kawaida inauzwaje. Tuseme, kwa mfano tu, ni 480,000, na hii wanataka 650,000. Nenda duka jingine uulize bei ya siku hiyo ya RAM na SSD zilizoongezwa, kwani bei za RAM hupanda na kushuka sana. Zikiwa mpya dukani ni 160,000 kwa pamoja, toa thamani ya vipande vya zamani ambavyo muuzaji amebaki navyo, tuseme 40,000. Zimebaki 120,000. Nyongeza hizi zimeshatumika na huna waranti yake, kwa hiyo zilipie nusu: 60,000. Bei yako ni 540,000, ukitoa betri kama imechoka. Asipokubali, nunua ile ya kawaida na umpe fundi unayemjua aongeze mbele yako, kwa vipande vyenye risiti.

Kwa fedha hizo hizo utaonyeshwa pia laptopu mpya kabisa ya Celeron yenye hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyochomelewa. Iache. i5 ya kizazi cha 8 ya mtumba, iliyopita vipimo hivi, itaishinda kwa kila kitu isipokuwa upya wa boksi na betri.

Ukiagiza Kariakoo na mzigo ukashukia stendi ya Kange, usilipe yote kabla ya kuiona. Omba picha ya ukurasa wa BIOS na ripoti ya betri kabla haijapakiwa, na uhakikishe namba ya mashine kwenye picha ni ile iliyo chini ya laptopu utakayopokea. Risiti ya EFD iandikwe modeli, namba hiyo, kiasi cha RAM na SSD, na siku za kurudisha. Siku 7 ni chache lakini zinatosha kumaliza H2testw na mdsched, mradi uanze usiku ule ule.