Kumjenga mhusika kutoka wazo moja

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, wachezaji wengi huanza na taaluma (mpiganaji, mchawi, mwizi), kisha humtafutia mhusika kisa cha kumvika. Ukianza na wazo, unafuata njia ya kinyume, na kanuni yake ni moja: kila neno la wazo lazima lionekane mahali fulani kwenye karatasi ya mhusika. Lisipokuwapo pale, mezani halitatokea. Namba za hapa ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, kanuni za 2014.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Iseme mhusika alikuwa nani, nini kiliharibika na sasa anataka nini. Mfano: "Mlinda lango aliyewafungulia maadui kwa hongo, sasa amebadili jina na anamsaka aliyemlipa." Hicho anachokitaka sasa ndicho husahaulika mara nyingi, nacho ndicho kinachomsukuma. Mhusika ambaye mambo yake yote yalikwisha kabla ya mchezo kuanza hubaki kusimulia tu.

Pima pia wazo na ngazi, yaani kiwango cha uzoefu cha mhusika. Bingwa wa upanga anayesifika duniani kote hafai ngazi ya 1, kwani nyongeza yake ya umahiri (inayojumlishwa kwenye dadu kwa mambo anayoyamudu) ni +2, sawa na ya wenzake wote.

Hatua ya 2: Geuza maneno kuwa vitendo

Mlinda lango huona anayekuja na husoma nyuso. Aliyebadili jina hudanganya na hunyata. Hizo tayari ni stadi nne. Tumpe taaluma ya mpiganaji: huyo huchagua stadi mbili katika orodha yake, na kuona pamoja na kusoma nia zimo. Mbili zilizobaki hutoka kwenye usuli, yaani maisha ya mhusika nje ya taaluma. Hapa wengi wangechukua usuli wa askari kwa kuwa alikuwa askari. Lakini huo hutoa riadha na vitisho. Usuli wa mhalifu hutoa udanganyifu na kunyata, na ndiyo maisha anayoishi leo. Chagua usuli kwa kile atakachokifanya mezani, hata kama jina lake halilingani na kazi yake ya zamani.

Hatua ya 3: Panga namba

Mgao wa kawaida wa namba za sifa sita ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Mpe nguvu 15, ustahimilivu 14, busara 13, mvuto 12, wepesi 10, akili 8. Akiwa binadamu wa kawaida, kila sifa hupanda kwa 1. Nyongeza ya sifa, inayojumlishwa kwenye dadu, hubadilika kwenye namba shufwa pekee, kwa hiyo faida ya kweli iko kwenye nguvu (16, yaani +3) na busara (14, yaani +2). Ndiyo maana 13 imewekwa kwenye busara.

Sasa jaribu wazo kwa hesabu. Kuona ni +2 ya busara na +2 ya umahiri, jumla +4. Dhidi ya ugumu wa 15, yaani jumla ya kufikiwa, anahitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi 10 kati ya 20. Bila stadi angekuwa na nafasi 8.

Namba ndogo kabisa nayo ina kazi. Akili yake imeishia 9, bado ni −1, hivyo nyaraka za aliyemhonga hatazifumbua peke yake. Anawahitaji wenzake, na hilo linamwokoa na ugonjwa wa mhusika mpweke anayekataa kila safari ya kundi.

Hatua ya 4: Mfunge kwenye kundi

Kabla ya kucheza, kubaliana na mchezaji mmoja kwamba mhusika wake anaijua nusu ya siri, na umwambie mwendesha mchezo siri yote. Siri usiyomwambia mtu haiwezi kuwekewa mtego wala shahidi.

Baada ya vikao viwili, tazama stadi ambayo haijarushiwa dadu hata mara moja. Muombe mwendesha mchezo uibadilishe, au amweke mtu mlangoni wa kudanganywa.