Kulea Watoto wa Lugha Mbili Nyumbani

Wazazi wengi huanza kwa kujiuliza ni lugha ipi waitangulize, ilhali swali linalofaa kuulizwa kwanza ni lugha ipi kati ya hizo mbili itakayokosa msaada nje ya nyumba. Lugha inayotumika shuleni, mitaani na kwenye televisheni itajipenyeza yenyewe, lakini ile nyingine haina mtetezi isipokuwa ninyi mnaoishi na mtoto, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya juhudi zenu.

Amueni mapema nani atazungumza lugha gani na mtoto, ikiwezekana kabla hajazaliwa, kwa kuwa mazoea ya lugha kati ya mzazi na mtoto yakishajengeka ni vigumu kuyabadilisha. Mwanaisimu Mfaransa Maurice Grammont alimshauri Mfaransa mwenzake Jules Ronjat, ambaye mkewe alizungumza Kijerumani, kwamba kila mzazi azungumze na mtoto kwa lugha yake tu, na mwaka 1913 Ronjat akachapisha maelezo ya jinsi mwanawe Louis alivyozimudu zote mbili. Utaratibu huo ni mzuri, ila usichukuliwe kuwa ndio pekee. Annick De Houwer alipochunguza takriban familia 1,900 za Flanders, Ubelgiji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, aliona kwamba katika karibu robo yake watoto hawakuizungumza kabisa lugha ya nyumbani, na kwamba mafanikio yalikuwa makubwa zaidi pale wazazi wote wawili walipoitumia. Kwa hiyo mzazi anayeijua lugha ya mwenzake, hata kwa kubahatisha, asione haya kuitumia.

Linalowakatisha tamaa wengi ni mtoto anayeelewa kila kitu lakini anajibu kwa lugha ya shule. Kumkaripia hakusaidii, na kumtaka arudie sentensi neno kwa neno hugeuza maongezi kuwa mtihani. Utafiti wa Elizabeth Lanza kuhusu watoto waliokua na Kinorwe na Kiingereza ulionyesha kwamba namna mzazi anavyolipokea jibu ndiyo inayomjulisha mtoto iwapo lugha ile nyingine inakubalika. Tuseme mtoto wa miaka mitatu ameomba viatu kwa lugha ya shule. Mwulize kwa upole, kwa lugha ya nyumbani, "Unataka nini, mwanangu?" Akisita, mwulize, "Nikuletee viatu au ndala?", ili neno analolihitaji liwe limeshatajwa na yeye abaki na kazi ya kuchagua. Asipojibu bado, malizia mwenyewe, "Haya, nakuletea viatu vyako vyekundu", kisha endeleeni na shughuli zenu. Kosa ni wewe kuhamia lugha aliyoitumia, maana ukizoea kufanya hivyo hatakuwa tena na sababu ya kujihangaisha. Bila shaka, akiwa analia au ameumia, msikilize kwanza kwa lugha yoyote.

Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja kusikutie wasiwasi. Hata watu wazima wanaozimudu lugha zote mbili hufanya hivyo.

Msitegemee katuni zifanye kazi yenu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walieleza kwamba watoto wachanga wa Marekani, wenye umri wa takriban miezi tisa, walijifunza kutofautisha sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana, lakini waliotazama mtu huyohuyo kwenye televisheni hawakupata faida hiyo. Kusomeana hadithi, kumsimulia mtoto unachokifanya wakati wa kumwogesha, na kupiga simu kwa bibi asiyejua lugha nyingine kuna uzito zaidi, hasa hiyo simu, kwa sababu hapo mtoto hana njia ya mkato.

Mtu akikushauri uiache lugha ya nyumbani kwa kuwa mtoto amechelewa kusema, usikubali upesi, kwani lugha mbili hazisababishi tatizo la usemi. Hesabu maneno yake ya lugha zote mbili kwa pamoja, maana ukihesabu ya lugha moja tu ataonekana nyuma kuliko alivyo. Wasiwasi ukibaki, apimwe masikio, na anayepima usemi wake aelezwe tangu mwanzo kwamba mtoto ana lugha mbili, ili asimpime kwa moja tu.