Somo: Mgonjwa wa kupandikizwa mishipa ya moyo akisharudi nyumbani

Swali la namna ya kumtunza mgonjwa huyu nyumbani linarudi kila mgonjwa anapotoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar na kuletwa huku kwetu kusini. Naliandika mara moja. Mtu akiuliza, mwelekezeni hapa. Penye tofauti, shikeni alichosema daktari wake.

1. Dawa: saa ileile kila siku. Aspirini ndogo na dawa ya kolesteroli haziachwi eti kwa kuwa amepata nafuu.

2. Kidonda: maji na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Baharini asiingie mpaka kifunge kabisa.

3. Mfupa wa kidari. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mfupa umepasuliwa katikati na kufungwa kwa waya, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Ngozi hupona mapema, mgonjwa akajiona mzima, akabeba ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20; yeye asizidishe kilo 3 au 4. Kuamka: alale ubavu, ateremshe miguu, ndipo ainuke. Asivute kamba wala ukingo wa kitanda, na MSIMVUTE MKONO. Kitanda cha kamba kilicholegea kinambonyeza katikati, mtafutieni kigumu. Akikohoa au kupiga chafya, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa, aubane kifuani. Kidari kikilia "ka" anapogeuka, au akihisi mfupa unacheza, hospitali siku hiyohiyo.

4. Kutembea: aanze dakika 5, mara kadhaa kwa siku, aongeze kidogo kidogo. Akishindwa kuongea huku anatembea, apunguze mwendo.

5. Mizani: kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Akiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku au 2 kwa wiki, hayo ni maji yanajaa mwilini. Pigeni simu kliniki.

Usaha, homa ya 38 na kuendelea, kifua kubana na jasho, pumzi kukata akiwa amelala: msisubiri kuche.

MASWALI

Masasi: Baba ana wiki 3, naweza kumpakia bodaboda hadi kliniki?
Jibu: Hapana. Mashimo yanautikisa mfupa, na akijishikilia anauvuta. Bajaji au gari, na mkanda avae, akiweka taulo kati yake na kifua.

Tandahimba: Msimu wa korosho umefika, lini atabeba gunia?
Jibu: Soma hatua ya 3. Gunia halimo kabisa mpaka daktari aruhusu.

Newala: Maumivu yamezidi, nimempa diklofenaki ya dukani.
Jibu: Acha leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa aliyetoka kwenye upasuaji huu, na figo pia huumia. Mpe parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa, na umwambie daktari kwamba diklofenaki umeshampa.

Kilwa Masoko: Samahani mwalimu, aliyepasuliwa ni moyo, mbona mguu ndio umevimba?
Jibu: Umeuliza vizuri. Mshipa uliopandikizwa mara nyingi hutolewa mguuni, na mishipa iliyobaki inahitaji muda kuzoea kazi yake. Akikaa, ainue mguu juu ya mto, asikunje nne. Uvimbe hupungua usiku kucha. Ila shavu la mguu mmoja likiwa la moto, gumu na linauma, huenda ni damu iliyoganda, mpelekeni haraka.

Mikindani: Shikamoo. Babu anang'ang'ania kusujudu.
Jibu: Marahaba. Akiinuka kutoka sakafuni uzito wote unakwenda mikononi, na mikono inavuta kidari. Aswali juu ya kiti, dini imemruhusu mgonjwa. Kufunga pia asubiri ruhusa, maana saa za dawa zinabadilika.

Lindi mjini: Ng'onda, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa, je?
Jibu: Chumvi yake ni nyingi, mwili utashika maji. Samaki mbichi, achemshwe kwa ndimu, nyanya na kitunguu. Tui jingi liwe la siku mojamoja.

Nachingwea: Nyongeza kwa wanaotoka Dar kwa basi: chukueni siti ya karibu na mlango, ashuke kunyoosha miguu kila basi linaposimama, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti.