Kuandika wasifu wa kardinali mwanadiplomasia kwa wasomaji wa Zanzibar

Kabla ya kumsifu mtu, kusanya tarehe zake: kuzaliwa, upadre, kuingia diplomasia, uaskofu, ukardinali, kifo. Jean-Louis Tauran, kardinali wa Kanisa Katoliki, anatufaa sana Unguja na Pemba, kwani miaka yake ya mwisho kazi yake ilikuwa kuzungumza na Waislamu. Alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, 1943, padre 1969, diplomasia 1975, akatumikia Jamhuri ya Dominika na Lebanoni, akawekwa wakfu askofu mkuu 1991, kardinali 2003, akafariki Julai 2018.

Wengi huteleza kwenye vyeo. Utakuta Tauran ni Askofu Mkuu wa Telepte, na mwandishi akadhani aliongoza waumini huko Tunisia. Hakuongoza. Telepte ni jimbo la kale lililobaki jina tu, na majina kama hayo hupewa maaskofu wasio na jimbo la kuongoza, mabalozi wa Papa wakiwamo. Vilevile alikuwa kardinali shemasi alipotangaza kuchaguliwa kwa Papa Fransisko, 13 Machi 2013. Usiandike kwamba Papa alitangazwa na shemasi: hilo ni daraja ndani ya makardinali, na mwenyewe alikuwa askofu mkuu tangu zamani.

Kila cheo kifuatishe kazi yake. Tangu 1990 hadi 2003 alisimamia uhusiano wa Vatikani na mataifa, kazi inayokaribia ya waziri wa mambo ya nje. Kuanzia 2007 aliongoza Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Kidini (tangu 2022 linaitwa Dikasteri, yaani idara ya Vatikani), linalotuma salamu kwa Waislamu kila mwaka kwa Ramadhani na Idd el Fitr. Hapa ndipo pa kuandika kwa kirefu. Aprili 2018, akiwa mgonjwa wa Parkinson, alisafiri hadi Riyadh akaonana na Mfalme Salman. Miezi mitatu haikutimia, akafariki.

Usibuni “balozi wa Papa Zanzibar”. Mambo ya nje ni ya Muungano, na balozi huyo, yaani nunsio, yuko Dar es Salaam. Kardinali huitwa Mwadhama, askofu Mhashamu.

Ukitaka picha ya kanisa la hapa, piga Minara Miwili, kanisa kuu la Katoliki, Mji Mkongwe. Kanisa la Mkunazini ni la Kianglikana.